Tarishi Aliyeikalia Barua Yake

Wiki jana niliingia duka moja pale mjini Kakamega kununua koti la mvua. Kazi yangu ni ya barabarani, na mvua ya kwetu haina adabu. Ikishasema inakuja saa nane, inakuja. Mwenye duka akalikunjua koti juu ya kaunta, jipya, jeusi, na ile harufu ya mpira ikanipiga puani. Nikamwambia alirudishe. Akauliza kama ni bei, nikamwambia si bei. Akanitolea la plastiki lenye maua, la wasichana wa shule, nikalichukua hilohilo, na sasa nazunguka vijijini na hati za mahakama nikiwa nimevaa maua. Wacha wacheke. Koti jeusi la mpira siwezi kulivaa, na nitawaeleza ni kwa nini, hasa ninyi wa rika langu ambao baba zenu walivaa kaki.

Baba yangu, Makokha, alikuwa tarishi. Siku hizi neno lenyewe limebaki vitabuni. Ofisini wanasema mesenja, na ukimwambia kijana "tarishi" anakutazama tu. Lakini wakati ule, katika ofisi ya ardhi alikofanya kazi, kulikuwa na chumba kidogo nyuma ya masjala kilichoandikwa MATARISHI mlangoni kwa rangi nyeupe, na ndani yake walikaa wanaume watatu wakingoja kutumwa. Baba alikuwa na baiskeli ya serikali, mkoba wa ngozi, na kitabu kirefu chenye jalada gumu. Kila aliyepelekewa barua alitia sahihi katika kitabu hicho kuonyesha ameipokea. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba, na hapo ilikuwa lazima apatikane shahidi wa kuandika jina lake kando ya kile kidole, ili mtu asije akasema baadaye kwamba alishikwa mkono. Hilo la shahidi mliweke akilini.

Mimi niliamini kwamba tarishi ni mkubwa kuliko chifu, na nilikuwa na sababu zangu. Likizo moja baba alinibeba kwenye keria ya baiskeli tukapitia Lubao, siku nyingine Khayega, na kwa macho yangu nilimwona chifu akiacha watu kwenye baraza lake, akisimama, akija kumpokea baba kwa mikono miwili. Baba akafungua kitabu, akaonyesha mstari, chifu akainama akatia sahihi. Katika akili yangu ya mtoto, anayeinama ndiye mdogo. Tulipofika kwenye boma za watu walituletea viti vizuri, na mara nyingi kuku alikuwa tayari anafukuzwa nyuma ya jikoni kabla baba hajaegesha baiskeli.

Kuna mahali pengine alikataa kula. Alipokea maji, akanywa kidogo, akasema tunaharakisha. Njiani nilimlaumu kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia ingokho, kuku wao, ikinukia. Aliniambia kwamba barua nyingine ni chungu, na huwezi kula kuku wa mtu halafu umwachie uchungu mezani. Nikamuuliza amejuaje na hajui kusoma. Akasema bahasha anazijua kwa uzito na kwa namna karani anavyompa: nzuri karani humpa mkononi, mbaya huirusha. Hata kwenye boma zile za barua chungu hakuna aliyewahi kumtukana. Mjumbe hauawi, walisema, wakamsindikiza hadi njiani.

Huyo karani sasa. Jina lake sitaliandika, na si kwa huruma. Alikuwa karani mkuu pale ofisini, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na buluu, na barua yoyote ya shamba isingetoka wala kuingia bila kupita kwake. Binti yake nilisoma naye darasa moja. Siku moja mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu. Nilisimama nikajibu kwa sauti kwamba baba yangu ndiye mkubwa wa ofisi ya ardhi, hata chifu humtilia sahihi. Binti wa karani akacheka mpaka akalala juu ya dawati. Alipoweza kusema, aliliambia darasa kwamba babangu ndiye humchemshia babake chai, kwamba hajui kuandika hata herufi moja, na kwamba nyumbani kwao wanamwita Kidole, kwa sababu kila akipewa viatu au sare pale ofisini anaweka kidole.

Kuanzia siku hiyo niliitwa mtoto wa Kidole. Nilikuwa na hasira, jamani, hasira ya kitoto. Sikumkasirikia baba bado. Nililikasirikia neno. Nilitaka kujua tarishi ni nani hasa, kama ni mkubwa au ni mpika chai, na sikutaka kumuuliza baba mwenyewe.

Nilikwenda kwa fundi cherehani aliyeshona sare za ofisi, mzee mmoja wa Mumias aliyekaa kwenye veranda ya duka la Mhindi karibu na soko. Tulimwita Mzee Sadiki. Ukimsalimu kwa haraka hakuitikia. Sharti umpe salamu aleikum kamili na ungoje akurudishie. Nilimpa. Nikamuuliza tarishi maana yake nini. Alisimamisha mguu kwenye cherehani akaniambia kwamba neno hilo halikuzaliwa huku. Lilitoka Omani, ni Kiarabu cha kule, na kwao tarishi ni mtu aliyefunga safari akiwa amebeba neno la mwenzake. Likavuka na watu hadi pwani, likapanda na misafara mpaka kwao Mumias, na wazungu walipofungua ofisi zao walilikuta linatumika, wakalichukua wakalivisha kaki. Akasema kwamba masultani waliweza kukosa waziri kwa mwezi mzima lakini hawakuweza kukosa tarishi kwa siku moja. Nimelichunguza neno hilo ukubwani, na mzee hakukosea sana.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Kumbe baba ni mtu wa masultani. Kilichobaki ni hicho kidole, na kidole ningekiondoa mimi.

Nilimfundisha Jumapili mchana, tukitoka kanisani, yeye akiwa bado amevaa shati la ibada. Tuliandika kwa makaa nyuma ya kalenda kuukuu. Mkono uliozoea kushika usukani wa baiskeli ulikuwa mgumu. M ilimchukua wiki tatu na K aliichukia mpaka mwisho, akiandika kila moja ikiegemea upande wake. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakachomwa, sisi bado tuko kwenye Makokha. Alipoweza jina nilimfundisha na tarehe, kwa sababu mwalimu wetu alisema sahihi bila tarehe ni bure. Baba aliipenda tarehe kuliko jina. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliniuliza leo ni ya ngapi, akaiandika kwenye kiganja kwa kidole kikavu, akaondoka.

Siku aliyotia sahihi ofisini kwa mara ya kwanza, alirudi akipiga kengele ya baiskeli tangu kwa majirani. Alisema karani aliwaita watu wa masjala waje waone, akasema kumbe Kidole amesoma. Wote walicheka, na baba alicheka pamoja nao, na tarehe aliiweka. Mama alichinja kuku. Wakati wa kula baba akachukua firigisi, imondo ambayo kwetu mwanamke haonji, akaiweka juu ya obusuma, ugali wangu, mbele ya ndugu zangu wote wa kiume. Mama alitazama pembeni. Niliila polepole ili wote waone.

Sikujua nilichokuwa nimefanya. Kidole kilikuwa na shahidi. Sahihi haina shahidi.

Si muda mrefu baada ya hapo matarishi waligawiwa makoti ya mvua. Baba alikuja amelivaa na jua linawaka, jeusi, refu mpaka kwenye magoti, linanuka mpira mpya nyumba nzima. Alituambia kwamba karani aliwapanga mstari, akamfungulia kila mmoja kitabu chake cha barua, akaweka rula juu ya ukurasa na kuwaambia watie sahihi chini ya rula. Baba alitia jina na tarehe. Jioni hiyo mimi na wadogo zangu tulilitundika koti kwenye viti viwili tukaingia ndani yake kama hemani, na baba akawa anatumwagia maji juu kwa kikombe tuone kama linavuja. Halikuvuja.

Sasa niwaambie kuhusu shamba. Babu alituachia shamba kule Khwisero, na ndani yake amelala yeye na kukhu, nyanya yangu aliyenilea. Si kubwa, lakini lilikuwa letu, na ndiko baba alikotarajia kurudi akistaafu, ndiko alikotarajia kuzikwa. Jirani mmoja alianza kudai kwamba babu alimpa lote kwa maneno, na akapeleka madai hayo ofisini. Jirani huyo dada yake alikuwa mke wa karani. Baba alijua, lakini alisema sheria ni sheria. Kikao kitaitwa, kila mmoja atapelekewa barua, atasimama aseme yake. Alikuwa na mashahidi wanne wazee waliokuwepo babu alipoonyesha mipaka.

Basi akangoja barua. Kila alipomuuliza karani aliambiwa bado, Makokha, ikitoka si utakuwa wa kwanza kuibeba. Aliona ni kweli. Akapeleka za Lubao, akapeleka za Khayega, akawapelekea watu wa Lugari zao kwa gari la ofisi, na kila mkoba ulipopangwa alizipitisha bahasha mbele ya mwenzake mmoja aliyejua kusoma amwambie kama moja ina jina lake. Haikuwepo. Halafu siku ya soko mama alirudi kutoka Khwisero amevua viatu, amevibeba mkononi, akasema amewakuta wapima ardhi wanapigilia vigingi karibu na kaburi la kukhu.

Kikao kilikuwa kimekaa na kumalizika. Jirani alifika, baba hakufika, na asiyefika ameshindwa. Baba alikwenda ofisini akiwa bado na udongo wa Khwisero kwenye suruali. Mkubwa wa ofisi aliagiza kitabu kiletwe. Kikafunguliwa, na palepale, mbele ya karani na watu wa masjala, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa kalamu ya buluu kwamba barua ya wito imekabidhiwa Makokha mwenyewe, na chini yake ilikuwa sahihi yake. Mkubwa alimuuliza kama si yake. Baba akasema ni yake, lakini ni ya koti. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara walicheka zaidi. Mwezi haukuisha akaachishwa kazi kwa kumsingizia mkuu wake. Alipokusanya vitu vyake chumbani mwa matarishi, alikuja na kitabu kile pia, kwa sababu kilikuwa kimejaa, na vitabu vilivyojaa alivitunza tarishi mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuwapa kabati.

Hapa ndipo ninapojichukia, na sitazunguka. Ukoo ulikutana nyumbani kwetu kumuuliza baba ilikuwaje. Wengine walisema alilewa, wengine walisema alikula kitu kutoka kwa jirani. Baba alikuwa anaeleza habari ya rula na koti, na ilikuwa inasikika kama hadithi ya mtoto aliyevunja chungu. Mimi nilikuwa nimekichukua kile kitabu chumbani, nimekisoma. Kiingereza cha darasani kilinitosha kusoma mstari ule. Niliona barua, nikaona jina, nikaona ile K inayoegemea. Nikatoka nacho hadi katikati ya watu wazima, nikakifungua.

"Ni yeye aliyepokea," nikasema. "Mwandiko ninaujua, ni mimi niliyemfundisha."

Baba alikichukua kitabu, akakifunga. Hakunipiga, na afadhali angenipiga.

"Mwandiko ni wangu, mama," akanijibu.

Aliniita mama, kama alivyoniita siku zote. Watu waliondoka bila kunywa chai. Kutoka siku hiyo hata mama yangu hakumwamini, na maneno yakasambaa hadi Khwisero na kurudi: tarishi aliyeikalia barua yake. Watoto walitutungia wimbo. Mtu akichelewa popote, aliambiwa amekuwa Makokha. Mimi nilimwona baba mwongo kwa miaka yote niliyobaki katika nyumba yake, na nilimjibu kama mtu anavyomjibu mwongo. Aliuza mkaa, akalinda lango la shule moja, akaugua, akafa. Kwa kuwa hatukuwa na ardhi alizikwa kwa wajomba zake, kando ya ua, mahali wanapozikwa wasio na mahali. Katika ibada mzee mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mzuri ila alikuwa mzembe kidogo. Watu wakaguna kukubali, nami nikaguna.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi hii ya kupeleka hati za mahakama. Niliifuata kwa sababu ilikuwepo, wala sikuichagua kwa ajili ya baba. Katika kazi yetu kitu cha kwanza unachotazama si jina, ni tarehe: hati imetolewa lini, imepokewa lini. Ukikosea hapo hakimu anaitupa. Wiki mbili baada ya mazishi mama alinipa sanduku la baba nilipekue, na kitabu kilikuwemo. Nikakifungua nione tena ile aibu yetu, na kwa mazoea macho yakaenda kwenye tarehe. Baba alikuwa ameandika ya kumi na moja, kwa mkono wake, kama nilivyomfundisha. Kesho yake nilikwenda masjala ya ardhi, nikaomba faili, nikalipia nakala ya barua ya wito. Ilikuwa imepigwa taipu tarehe kumi na nne ya mwezi uleule.

Baba alitia sahihi ya kupokea barua siku tatu kabla haijaandikwa. Karani, na kalamu zake mbili na ujanja wake wote, aliujaza mstari juu ya sahihi ya koti na hakusumbuka kuitazama tarehe, kwa sababu hakuamini kwamba Kidole anaweza kuandika tarehe yenye maana. Nilikaa kwenye ngazi za ile ofisi. Watu walinipita wakidhani nimefiwa, na hawakukosea, ila nilikuwa nimefiwa upya, na safari hii nilikuwa na mtu wa kulipa.

Mama akawa mdai, tukapata wakili. Karani alikuwa hai, mzee, macho yamefifia kwa kisukari, amejenga nyumba ya mabati mekundu kwenye ile nusu ya shamba letu ambayo shemeji yake alimgawia kwa asante. Hati ya kumwita ilipotoka nilimwambia wakili nitaipeleka mwenyewe. Akasema haipendezi mtoto wa mdai kupeleka. Nikamwambia anionyeshe kifungu kinachokataza. Alitafuta, akaniacha.

Sheria inasema mdaiwa apewe mkononi. Siku haisemi, mradi iwe kabla ya kikao, basi. Niliuliza-uliza Khwisero kwa wauza mboga, nikasikia kwamba Jumamosi fulani wakwe wanakuja kwa karani kuzungumza mahari ya mjukuu wake aliyemlea. Nilingoja siku kumi na tisa na hati ikiwa mkobani. Nilizihesabu kwa raha.

Mnajua kwetu mkwe ni nani. Mbele ya mkwe mtu hakohoi ovyo, hali kwa pupa, na jambo la aibu la nyumba hufungiwa jikoni hata kama linaungua. Nilifika tenti imejaa. Wakwe walikuwa upande mmoja, wazee sita wenye makoti, na karani upande wa pili kwenye kiti chenye mto. Walidhani nimekuja na wageni, wakaniletea kiti na soda. Kiti nilikikataa, soda nikaikataa. Nikasema mimi ni mpeleka hati, nimemletea mzee barua kutoka mahakamani, ni lazima aipokee mwenyewe.

Uso wake uling'aa. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameomba awe mmoja wa wazee wa kusaidia mahakama kwenye kesi za mashamba, na alidhani jibu limekuja, tena siku njema, tena mbele ya wakwe. Hilo sikulipanga. Mungu aliongeza chumvi mwenyewe.

"Macho yangu yamekwisha, binti," akaniambia. "Isome, wageni pia wasikie."

Niliisoma. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo niliitafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, na palipokuwa pazito nikaweka Kiluhya ili hata akina mama waliokuwa jikoni wasipitwe. Nilisoma kwamba anashtakiwa kwa kughushi. Nilisoma kwamba alimlaghai tarishi wa ofisi yake atie sahihi ya koti, akaigeuza sahihi ya wito. Nilisoma tarehe zote mbili, nikazirudia. Nilisoma kwamba ardhi tuliyokuwa tumesimama juu yake, na tenti, na meza ya soda, ni ya mjane wa Makokha. Mtu mmoja alijaribu kuninyamazisha, na mzee wa wakwe akainua mkono akasema aache, mwenye nyumba ndiye aliyeomba isomwe.

Nilipomaliza karani alikuwa ameshika mto wa kiti kwa mikono yote miwili. Akauliza, polepole, huyo Makokha ni yupi, maana walikuwa na matarishi wengi.

Naapa sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka yote ile nilimbeba mtu huyu kifuani, nikilala naye, nikiamka naye, na kumbe baba yangu hakuwa hata na mahali katika kichwa chake.

"Kidole," nikamwambia.

Hapo alikumbuka. Nilimwona akikumbuka. Nikamwekea kitabu changu kwenye goti, nikamwongoza kalamu hadi kwenye mstari, na kwa kuwa haoni vizuri nikamwita mzee wa wakwe awe shahidi. Mzee yule aliandika jina lake, akaifunga kalamu, akawaambia wenzake kwa upole kwamba wenyeji wana mambo ya nyumbani, watarudi siku nyingine. Kila mtu wa Kakamega anajua maana ya siku nyingine. Walitoka mmoja mmoja wakiwa wameshika kofia, na hawajarudi mpaka leo.

Shamba lilirudi. Hukumu ilichukua muda lakini ilitoka, na kijana wa mahakama akaisoma tarehe ya kumi na moja kwa sauti katika chumba kilichojaa watu. Mama ana hati miliki chini ya godoro. Baba hatukumrudisha, wajomba walisema aliyelala asiamshwe. Karani alikufa kabla ya kuhamishwa, nami nilikula vizuri siku hiyo, sitadanganya.

Lakini ile Jumamosi, nilipokuwa nikitoka, msichana alinifuata mpaka langoni. Ndiye mjukuu mwenyewe, amevaa kitenge kipya, miguu imepakwa mafuta, ameshika leso. Alikuwa na umri kama wa miaka ishirini na mbili, na wakati babu yake alipoweka rula juu ya ukurasa hata mama yake alikuwa bado dawatini karibu na mimi, ananicheka. Hakunitukana. Aliniuliza kama tarehe ya kesi ilikuwa karibu sana. Nikamwambia bado wiki tatu.

"Mama," akasema, "hungeweza kungoja hata mpaka Jumatatu?"

Nilimtazama. Nilikuwa na majibu mengi, ya sheria na ya dini, na la baba yangu aliyezikwa kwenye ua wa watu.

"Ningeweza," nikamwambia, nikapanda pikipiki.